Mahali pa Kula kati ya Kisutu na Kariakoo

Mtu akiniuliza mahali pa kula katikati ya Dar es Salaam, mimi humuuliza kwanza anakwenda saa ngapi. Eneo linaloanzia Mtaa wa Zanaki na Mtaa wa Libya, likapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, halina hoteli hata moja ninayoweza kuisifu kwa kutwa nzima. Kila saa ina wapishi wake, na aliye hodari alfajiri mara nyingi huwa amekwisha kuosha sufuria kabla ya adhuhuri. Nimekula huko tangu nikiwa mwanafunzi mwenye nauli tu mfukoni, na tathmini hii inafuata mwendo wa siku kwa sababu ndivyo chakula cha huko kinavyopatikana.

Inafaa kukumbuka jinsi mitaa hii ilivyopangwa. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi na maduka yao katikati, na Waafrika magharibi, katika eneo lililopata jina la Kariakoo kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenga Kisutu ya Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Leo mtu anaukata kwa miguu kwa dakika chache, lakini pua bado inaujua mpaka ule. Upande wa Kisutu kunanukia dengu, mvuje na giligilani. Upande wa Kariakoo kunanukia nazi, supu na mkaa.

Asubuhi nendeni Kariakoo, na mapema. Kuna mama mmoja ninayemfuata kwa vitumbua, ambaye hukaa barazani pembeni mwa duka la vitambaa kabla halijafunguliwa. Unga wake ni wa mchele uliolowekwa usiku kucha na kusagwa pamoja na nazi na iliki, nao huumuka hadi unatoa vipovu juu. Huumimina kwa kata katika chuma chenye vishimo saba, anadondosha mafuta pembeni ya kila kimoja, kisha anavigeuza kwa kijiti bila kuvivunja. Mara ya mwisho nilimwamkia, nikanyoosha mkono kuomba vile vilivyokuwa karibu nami.

"Marahaba, mwanangu. Hivyo vya pembeni bado, moto haujafika. Subiri hivi vya kati."

Alikuwa na wateja watano wanaongoja, na angeweza kuniuzia chochote. Kitumbua chake kina ukoko mwembamba unaovunjika kwa jino na kati kuna ulaini wenye unyevu, wala hakiachi mafuta kwenye vidole. Anayetaka kifungua kinywa kizito avuke barabara kutafuta supu ya mbuzi na chapati. Kipimo changu cha supu ni chepesi: nitazame kwanza kama ni maji ya mifupa yaliyochemka muda mrefu hadi yakawa na rangi ya maziwa, au ni maji ya moto yaliyotiwa chumvi na kiungo cha paketi. Ya kweli inahitaji ndimu na pilipili mbuzi tu.

Adhuhuri ndiyo saa ya Kisutu. Katika mitaa iliyo jirani na mahekalu ya Wahindu kuna mikahawa ya Kigujarati isiyopika nyama kabisa, na hapo mlaji apokee thali: sinia la chuma lenye vibakuli vya dali, mboga mbili au tatu, mchuzi wa maziwa mgando ulioungwa kwa unga wa dengu, achari, na chapati nyembamba zinazoletwa moja moja zikiwa bado zina mvuke. Baadhi ya wapishi, kwa sababu ya dini, hawatumii kitunguu maji wala kitunguu saumu. Wasiozoea hudhani chakula hicho kitapooza, lakini tangawizi, bizari nyembamba na mvuje uliokaangwa kidogo kwenye samli vinaziba pengo hilo vizuri sana. Mhudumu huongeza bila kuulizwa, kwa hiyo usipofunika kibakuli kwa kiganja ataendelea kumimina. Nashauri chapati ziishie tatu, maana wali unakuja mwisho na ule mchuzi wa maziwa umepikwa kwa ajili yake. Glasi ya mtindi mwembamba wenye chumvi inashusha yote.

Asiyetaka thali asogee kwa mama lishe. Wali wa nazi, maharage, mchicha na kipande cha samaki wa kukaanga ni mlo kamili, na wapagazi wa sokoni wanajua nani anapika vizuri kuliko mwandishi yeyote. Palipo na mikokoteni mingi iliyoegeshwa, keti.

Kuhusu biriani, naomba niwe mkali kidogo, kwa kuwa ninaipenda. Ijumaa moja niliingia katika hoteli yenye viyoyozi na viti vya ngozi, si mbali na Mtaa wa Jamhuri, nikaletewa sahani iliyopambwa vizuri kwa kitunguu cha kukaanga. Wali ulikuwa wa siku hiyo, sina shaka, lakini rojo lilikuwa limepashwa moto zaidi ya mara moja: mafuta yamejitenga juu, nyama imenyauka kingo, na iliki imebaki uchungu. Nilipomweleza mhudumu, alinijibu kwa adabu kwamba wateja wengine hawakulalamika. Biriani ni kazi ya saa nyingi. Nyama hulala katika maziwa mgando, papai bichi na viungo, vitunguu hukaangwa hadi vikauke, na rojo huwekwa juu ya moto mdogo hadi nyama iachie mfupa. Anayeifanya kwa uaminifu hupika sufuria moja, na ikiisha imeisha. Ndiyo maana naiamini zaidi nyumba ndogo inayonitangazia saa nane mchana kwamba biriani haipo tena.

Alasiri ni ya urojo, na hapa ningependa msomaji asiwe na haraka. Chakula hiki kimetoka Zanzibar na watu wengi wa Dar hukiita miksi. Msingi wake ni uji mwepesi wa unga wa ngano wenye manjano, uliotiwa ukali kwa embe bichi au ukwaju. Ndani yake huingia viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, yai na mshikaki uliochomolewa kijitini, kisha juu hunyunyizwa chatini ya nazi, pilipili na vipande vya muhogo vilivyokaangwa hadi vikawa vikavu. Siri iko katika mpangilio na wakati. Bajia zikitangulia mno zinalowa na kuwa uji, na muhogo ukichelewa unabaki kama kitu cha kigeni juu ya bakuli. Bakuli zuri linamfanya mlaji akutane na ulaini, uchachu na ukavu katika kijiko kimoja. Muuzaji akikuuliza kama unataka ukali, jibu ndiyo, kwa sababu urojo usio na uchachu haukati utamu wa nazi na unachosha baada ya vijiko vitano. Katika bakuli hilo dengu la Kihindi, nazi ya pwani na mshikaki vimekaa pamoja hivi kwamba hakuna anayekumbuka kuuliza kipi ni cha nani.

Baada ya magharibi maduka ya vipuri na vitambaa yanapofungwa, meza hutolewa njiani na moshi huanza. Mamboz, iliyo kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, inajulikana jiji zima kwa kuku wa kuchoma, na sifa hiyo ni ya haki. Ngozi inaungua kidogo kingoni, ndani nyama inabaki na maji yake, na viungo vimeingia hadi mfupani. Lalamiko langu ni chipsi, ambazo siku zenye watu wengi hufika zikiwa zimelegea, kwa hiyo mimi huagiza mkate wa naani. Basi la mwendokasi lina kituo Kisutu, karibu kabisa, na anayerudi Kimara au Ubungo hana haja ya kuhangaika na maegesho.

Wapenda mishkaki wanaweza kubaki mitaa ileile na kuchagua jiko kwa macho. Nyama iliyokatwa vipande vidogo vyenye mafuta katikati ya minofu ndiyo inayofaa, na mchomaji mzuri huipepea taratibu, haachi moto uwake.

Kabla ya kuondoka tafuteni muuzaji wa kahawa, anayezunguka na dele la shaba juu ya jiko dogo la makaa huku akigonganisha vikombe mkononi ili asikike. Kahawa yake ni chungu na haina sukari, na kashata ya karanga ndiyo mwenzake. Jirani yake kwa kawaida yuko mzee wa tambuu, mwenye majani mabichi chini ya kitambaa chenye maji. Mwambieni mnataka tamu, isiyo na tumbaku. Atapaka chokaa kidogo kwa kidole, ataweka popoo, shamari na nazi, atalikunja jani kuwa pembetatu na kulichoma karafuu moja ili lisifunguke.