Bob Seger: vibao vya Detroit au Night Moves?

Mashabiki wakongwe wa Bob Seger, mwimbaji wa roki wa Marekani, walioko jimbo la Michigan hawana mjadala: Seger wao ni yule wa 1966 na 1967, aliyetoa santuri ndogo chini ya lebo ya Cameo. Nawaelewa. Sikiliza "Heavy Music" ya 1967: besi inazunguka palepale, naye anafoka kama mhubiri aliyepandwa na jazba. Kibao kilivuma Detroit, mji wa Michigan, kikaanza kutoka nje, na papo hapo Cameo ikaporomoka. Nadhani nusu ya mapenzi yao inatokana na hilo. Kitu ulichonyang'anywa huwa kitamu zaidi.

Albamu yake ya 1976, Night Moves, ni kazi ya mtu aliyetulia. Wimbo uliobeba jina la albamu haukurekodiwa hata Detroit, bali Toronto, na baadhi ya nyimbo nyingine alizirekodi Muscle Shoals, Alabama. Wimbo huo unaanza na gita la akustika, unapanda, halafu katikati unazima karibu kabisa kabla ya kurudi polepole. Ulifika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard Marekani. Na ajabu yake, wenyewe unahusu kukumbuka ujana!

Kwa uandishi, 1976 inashinda bila ubishi. Kwa moto, 1967. Zamani kikwazo kilikuwa upatikanaji, lakini tangu 2018 rekodi za Cameo zimekusanywa pamoja. Mgeni aanze na Night Moves. Akishanogewa, arudi nyuma, na sauti aipandishe.