Ruta ya laini mbili za intaneti: ipi ununue Nairobi

Kabla ya kwenda Luthuli Avenue kuulizia ruta inayobeba laini mbili za intaneti ili moja ikikatika nyingine iendelee, chunguza kwanza laini zenyewe. Faiba nyingi za mitaani Nairobi zimetundikwa kwenye nguzo zilezile za stima. Lori refu likipita linaweza kukata za kampuni mbili kwa mpigo, na hapo hakuna ruta itakayokuokoa. Laini ya kwanza ikiwa faiba, ya pili iwe 5G au Starlink. Ukilazimika kuchukua faiba mbili, endesha traceroute (amri inayoonyesha njia ambayo data hupitia) kwenye kila moja, kwani watoa huduma wadogo wawili wanaweza kuwa wananunua intaneti kwa kampuni moja.

Pia usitarajie Mbps 100 na 50 ziwe 150 kwenye upakuaji mmoja. Ruta hizi hugawa miunganisho. Hazishoni laini mbili kuwa moja. Faida utaiona watu wengi wakitumia kwa wakati mmoja.

Chaguo letu la kwanza kwa ofisi ndogo, saiba au nyumba ya wapangaji ni TP-Link ER605. Haina Wi-Fi, kwa hiyo utaendelea kutumia ruta yako ya zamani kurusha mawimbi. Kila kitu hupangwa kwenye menyu. Kosa linalowapata wengi ni kutojaza kasi halisi ya kila laini: andika 100000 Kbps kwa laini ya Mbps 100 na 50000 kwa ya Mbps 50. Ukiacha tarakimu za kiwandani, ruta hudhani laini zinalingana na kuitwisha ile dhaifu mzigo isiouweza.

MikroTik hEX (RB750Gr3) tunaiweka ya pili kwa sababu moja tu: inahitaji fundi anayeijua. Ukiwa naye, ichukue hii. Milango 5 ya gigabiti, na inakubali umeme wa volti 8 hadi 30, hivyo UPS ndogo ya volti 12 inaitosha stima ikipotea. Mwambie fundi atumie PCC (njia ya MikroTik ya kugawa miunganisho) kwa both-addresses, yaani kwa kuangalia anwani za pande zote mbili, ili mtu aliyeingia kwenye tovuti ya benki abaki laini moja asitupwe nje katikati ya malipo. Kwa laini za 100 na 50, gawa mafungu matatu: 3/0 na 3/1 yaende laini kubwa, 3/2 ndogo. FastTrack (njia ya mkato ya kuharakisha pakiti) izimwe, la sivyo pakiti zitaruka alama za mangle, zile zinazoiambia ruta pakiti ipite laini ipi, na mgawanyo utavurugika. Na check-gateway ya kawaida (kipimo cha kama laini iko hai) haitoshi: hupima kisanduku cha mtoa huduma kilicho ukutani, ambacho hujibu hata intaneti ikiwa imekufa huko mbele. Njia zipimwe kwa kupitia 8.8.8.8 na 1.1.1.1, seva za umma zilizo mbele kwenye intaneti, kila laini na anwani yake.

Ruta za Peplink ni za anayepoteza pesa kila simu ikikatika. Teknolojia yake ya SpeedFusion huunganisha laini kwelikweli, lakini lazima kuwe na kifaa au huduma yake upande wa pili, na bei iko juu sana kuliko hizo mbili. Kompyuta kuukuu yenye pfSense (programu inayoigeuza kuwa ruta) inafanya kazi, ila inakula stima, tunaiweka mwisho.

Yoyote utakayonunua, angalia visanduku viwili vya watoa huduma visiwe na anwani moja. Vyote vikiwa 192.168.1.1, ruta itachanganyikiwa. Badilisha kimoja kiwe 192.168.20.1. DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) weka ya umma, maana ya mtoa huduma mmoja huweza kukataa maswali yanayotoka laini ya mwingine. Kwa Starlink ya kizazi cha pili, nunua adapta ya Ethernet, kwani ruta yake haina tundu la waya. Ya tatu inalo.

Siku ya kufungiwa ruta, usikubali fundi ajaribu kwa kuchomoa waya wa WAN (unaoingiza intaneti kwenye ruta), maana hilo kila ruta hulitambua. Achomoe waya wa faiba nyuma ya kisanduku, kisha fungua ukurasa mpya kwenye simu. Ukikwama zaidi ya dakika moja, upimaji wa laini haujapangwa sawasawa.