TAHADHARI: rubi "za Winza" zinazouzwa mkononi Arusha, watu wanapigwa

Wakuu habari, naandika nikiwa bado na uchungu ila bora mjue mapema maana huyu jamaa yupo mtaani anaendelea kuuza. Wiki mbili zilizopita nilinunua kwake mawe matatu mekundu, akasema ni rubi ghafi ya Winza kule Mpwapwa, udongo umejaa mpaka kwenye nyufa, milioni moja na laki nane ikaondoka. Alichukua jiwe akakwaruza kioo kikaingia alama, akakwaruza kigae, akaweka na kile kimashine cha sindano cha kupimia vito kikasoma rubi, mi nikaona ushahidi gani tena nautaka, nikalipa.

Sasa hapo ndo wanapotuweza. Rubi ni oksaidi ya alumini, madini yanayoitwa korandamu, wekundu wake ni kromiamu kidogo tu, na safaya ya bluu ni kitu hichohicho ila ina chuma na titani. Na korandamu inatengenezwa kiwandani, Mfaransa Verneuil alitangaza njia yake mwaka 1902, unga wa alumina unapita kwenye moto mkali wa gesi unayeyuka unadondoka unaganda kuwa jiwe. Sio kioo hicho jamani, kikemia ni rubi kabisa, ugumu uleule wa 9 kwenye kipimo cha 1 mpaka 10, kwa hiyo kioo lazima likwaruze na mashine lazima ikubali! Zinawekwa mpaka kwenye saa za mkononi na bei yake ni ndogo mno.

Nililoweka mawe usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi udongo wote uko chini ya bakuli na gundi yake. Fundi mmoja wa kukata vito akanipa lensi ya mara 10, akamulika tochi kwa pembeni, nikaona mwenyewe mistari imepinda kama ya santuri na viputo vya hewa, dalili za jiwe la kiwandani hizo. Jiwe la ardhini mistari yake inanyooka na kukata kona, na mara nyingi lina vinyuzi vyembamba ndani.

Kuna na rubi za kweli zilizojazwa kioo chenye madini ya risasi, hizo ukizizungusha kwenye taa ufa unatoa mng'ao wa bluu, hata maji ya ndimu yanaziharibu.

Huyu wangu anajiita mchimbaji, anapiga simu jioni soko la madini limeshafungwa, ukitaja maabara anasema kuna mteja mwingine anasubiri. Akikwambia hivyo mrudishie jiwe lake. Yangu ninayo bado, anayetaka kuyaangalia ayajue aje inboksi.