Chakula cha jioni cha Samhain katika mgahawa wa Msasani

Kwa miaka kadhaa nimeikwepa Halloween inayoandaliwa katika kumbi za Dar es Salaam, kwa kuwa mara nyingi huishia kwenye vinyago vya plastiki na muziki wa kelele. Mwaka jana nilikubali mwaliko wa mgahawa mmoja mdogo wa Msasani, ulioandaa chakula cha jioni tarehe 31 Oktoba kwa jina la Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti, jamii za kale za Ulaya, inayohesabiwa kuwa chimbuko la Halloween.

Walifanya vyema sana kuanza jua linapozama. Kwa Waselti usiku ulitangulia mchana, kama jemadari wa Kirumi Julius Caesar alivyoandika kuhusu Wagauli, Waselti wa eneo ambalo leo ni Ufaransa, na ndiyo maana sikukuu ya tarehe 1 Novemba iliingia jioni ya kuamkia siku hiyo. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo, kwani wazee wetu nao wakitaja usiku wa Ijumaa humaanisha usiku unaoutangulia mchana wake. Mwenyeji alieleza kwa utulivu kwamba huko Ayalandi na Uskoti huo ulikuwa wakati wa kurudisha ng'ombe kutoka malisho ya mbali, kuamua wa kuchinjwa na wa kubaki, na kuwasha mioto mikubwa kabla ya miezi ya baridi, huku watu wakiamini kwamba usiku huo mizimu na viumbe wa ulimwengu mwingine huwafikia walio hai kwa urahisi.

Viazi vilivyopondwa pamoja na kabeji na siagi, chakula cha Kiayalandi cha msimu huo, vilikuwa laini na vya moto. Mkate wa zabibu kavu wenye pete ndani, ambayo humtabiria ndoa anayeipata, ulikuwa mkavu mno. Nilifurahia zaidi boga la nazi, ingawa boga lilikuja baadaye katika sikukuu hii: Waayalandi walichonga mboga ya mizizi inayofanana na figili kubwa, na ni huko Marekani ambako boga lilichukua nafasi yake.

Kasoro iliyonisumbua ni bango la mlangoni lililodai kwamba Samhain ni mungu wa mauti. Dai hilo ni kosa la zamani. Samhain ni jina la sikukuu, na katika Kiayalandi cha leo ni jina la mwezi wa Novemba. Katika jiji ambalo Wakatoliki wengi huadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na kuwaombea marehemu siku inayofuata, maneno ya namna hiyo huwatia watu hofu bure, tena jina Halloween lenyewe limetokana na mkesha wa Watakatifu Wote.

Shilingi 45,000 kwa mtu mmoja ni bei ya haki. Meza ni chache, hivyo inafaa kuweka nafasi mapema. Nimewaomba wenyeji walibadilishe bango hilo kabla ya Oktoba ijayo, na tayari nimeweka nafasi ya watu watano.