Kitanda nimekipenda, bango la mapafu lirekebishwe

Nimefanya kazi wodi ya moyo miaka 11, kwa hiyo maonyesho haya ya afya ya wanaanga niliyaingia nikitafuta makosa. Kosa nimeliona, ila tuanze na kitanda.

Kimeinamishwa nyuzi 6, kichwa chini, miguu juu. Ndivyo watafiti wanavyoigiza hali ya kukosa uzito, wakiwalaza watu wa kujitolea wiki kadhaa. Sisi wageni tunapewa dakika 20. Ya tano tu nikasikia uso unajaa, pua moja ikaziba, na mwenzangu akaanza kunicheka: "Mishipa ya shingo imekutoka kama umebeba gunia!" Mgonjwa akinijia wodini na shingo ile, naita daktari. Wenzetu wa angani ndiyo maisha yao, kwani karibu lita 2 za majimaji huhama miguuni zikapanda juu. Mmoja wao, miezi miwili tangu afike kwenye kituo cha anga, alikutwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa shingo, akatibiwa hukohuko.

Nilipoambiwa niinuke nilijitia ujana. Ukuta ukazunguka, bahati mhudumu alishanishika kiwiko.

Halafu unapewa mioyo miwili ya mpira uipime mkononi. Mwanaanga wa Marekani Scott Kelly alikaa angani siku 340, mwaka 2015 hadi 2016, na misuli ya chemba yake ya kushoto ikapungua kutoka gramu 190 hivi hadi 140, ingawa alifanya mazoezi siku 6 kwa wiki. Moyo usio na mlima wa kupandisha damu hujipunguza wenyewe. Kazi yake iliendelea vizuri, na maelezo yao yanalisema hilo bila kutia chumvi.

Sasa mapafu. Bango moja, kwenye kona ya choo, eti angani mapafu "hunywea". Si kweli! Wanaanga waliopimwa baada ya miezi 6 mapafu yao yalikuwa karibu kama walivyoondoka nayo. Kinachobadilika ni damu kusambaa humo kwa usawa zaidi, badala ya kuzama chini kama tukisimama. La kuogopa ni vumbi la Mwezi. Mwaka 1972 Harrison Schmitt, mwanaanga wa Apollo 17 iliyotua Mwezini, lilimziba pua kama mwenye mzio wa chavua. Bango halina hata neno.

Nimemwambia mhudumu, ameandika kiganjani. Nyota 4 kati ya 5. Msile kabla ya kulala pale.