Siki kwenye nguo na vyombo: kazi inayoiweza na isiyoiweza

Asalaam alaykum, hamjambo nyote. Leo nimeweka mezani chupa ya siki nyeupe, hii hii ya kachumbari na achari, maana wengi mmeniuliza kama kweli inaweza kuchukua nafasi ya sabuni ya unga na sabuni ya vyombo. Jibu nawapa sasa hivi: haiwezi. Sabuni ibaki pale pale. Lakini ipo kazi ambayo sabuni inaishindwa na siki inaimaliza, na sisi tunaotumia maji ya kisima hapa Unguja kazi hiyo tunayo kila siku ya Mungu.

Tazameni birika hili la umeme, nalisogeza karibu na kamera. Mnauona huu ukoko mweupe chini? Hiyo ni chokaa. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya mvua yakipenya chini yanaiyeyusha kidogo kidogo, nasi tunakuja kuyateka kisimani yakiwa nayo. Ukiyachemsha, chokaa inaganda. Ukiosha gilasi ukaiacha ikauke yenyewe, inabaki na ukungu. Na ukichukua sabuni ya kipande, utasugua weee, povu halitoki, kwa sababu sabuni ikikutana na chokaa inageuka utando mzito usioyeyuka. Utando huo unanasa kwenye nyuzi za nguo. Taulo zinakakamaa. Shati jeupe la mtoto wa shule linakuwa la kijivu, na mama wa watu analifua kila jioni kwa bidii zote. Mama huyo asilaumiwe kwa uvivu, maana nimewasikia watu wakisema hivyo na inaniudhi sana.

Haya, namimina siki ndani ya birika. Sogeeni. Mnaona vipovu vinavyopanda? Asidi iliyomo, ambayo kwenye chupa ya kawaida ni kama asilimia 5, inaivunja chokaa, na hewa inayotoka ni ile ile ya kwenye soda. Kipimo changu ni nusu siki, nusu maji. Washa yapate moto tu, zima, fungua dirisha kwa sababu mvuke wake unachoma pua, kisha acha nusu saa. Mwaga, pangusa kwa sponji, suuza vizuri. Chemsha maji matupu mara moja uyamwage, ndipo urudi kwenye chai yako.

Sasa nguo, na hapa ndipo video nyingi zinapowapotosha watu. Nina gilasi mbili za maji niliyoyeyushia sabuni ya kipande. Hii ya kulia naitia siki vijiko viwili. Angalieni: maji yamekatika kama maziwa yaliyochacha, na juu yanaelea mabonge meupe yenye mafuta. Siki imeivunja sabuni ikarudi kuwa mafuta. Ukiyafanya haya kwenye beseni, mabonge hayo yatakaa kwenye nguo zako. Kwa hiyo siki na sabuni zisikutane. Fua kwa sabuni, suuza mara ya kwanza, suuza mara ya pili, halafu kwenye maji ya mwisho, beseni la lita 10 hivi, tia nusu kikombe cha chai cha siki. Loweka dakika chache, kamua, anika penye jua na upepo. Harufu ya siki inaondoka nguo ikikauka, msiwe na hofu.

Taulo ndizo zinazoonyesha tofauti zaidi. Dawa za kulainisha nguo za dukani zinaacha utando wa kuteleza juu ya nyuzi, ndiyo maana taulo inakuwa laini lakini hainyonyi maji. Siki inafanya kinyume, inaondoa utando. Laini yake si ile ya dawa, nawaambia ukweli, na manukato haina. Lakini ukijifuta, taulo inakausha mwili.

Kuna wanaolowekea kanga mpya kwenye siki na chumvi ili rangi isitoke. Kanga ni pamba, na rangi za pamba hazishikwi na siki. Siki ina kazi kwenye rangi za sufu na hariri, huko kiwandani zinapotiwa. Kanga mpya ifue peke yake mara za mwanzo, rangi ya ziada iishe. Na madoa ya mafuta kwenye nguo usiyahangaikie na siki, hayatoki.

Twende jikoni. Sufuria ya biriani yenye samli, siki haiifanyi chochote. Mafuta yanataka sabuni na maji ya moto. Nimeijaribu mbele yenu, tazameni, mafuta yamehama upande huu yakaenda upande ule. Lakini leteni bakuli la plastiki lililokaa kibua au papa. Hapo siki inanipendeza mno. Shombo ya samaki inatokana na kemikali yenye asili ya magadi, na asidi inaishika isiweze tena kuruka hewani ikakufika puani. Bibi zetu walilijua hili kwa ndimu, tangu zamani. Osha bakuli kwa sabuni kwanza, kisha lipake siki, acha kidogo, suuza. Ubao wa kukatia pia vivyo hivyo, ila msidhani siki imeua vijidudu vya nyama mbichi, hiyo si kazi ya kuitegemea.

Sufuria za alumini msizilaze ndani ya siki usiku kucha, inazila. Chuma cha kuchomea chapati nacho kitashika kutu. Sakafu ya terazo au marumaru, msiiguse kabisa. Jiwe lenyewe ni chokaa, na mmeona chokaa inavyofanywa. Wenye mashine za kufulia, siki ya mara kwa mara inaweza kuchosha mipira ya mlangoni na ya ndani, basi tumieni kwa nadra na msome kwanza kitabu cha mashine.

Na sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa dada zangu wanaofua nguo nyeupe. Siki na jiki haziingii beseni moja. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa na Wajerumani vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye choo kidogo kisicho na dirisha, macho yatawasha, kikohozi kitakubana, kifua kitakaza. Ikitokea, acha kila kitu, toka nje upate hewa, na kifua kisipofunguka nenda hospitali. Kama nguo umezitia jiki, siku hiyo siki ipumzike.

Wale wanaochanganya siki na magadi ya kupikia kwa sababu ya lile povu: povu ni zuri kutazama, lakini vitu viwili hivyo vinauana nguvu, unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Tumia kimoja, kwa siku yake.

Mkienda dukani, chukueni siki nyeupe iliyoandikwa asilimia 4 au 5, chupa yoyote ya bei ndogo inatosha. Siki ya tufaha ni ghali na ina rangi yake, iacheni kwenye saladi. Na wewe unayekinga maji ya mvua kwenye tangi na kufulia hayo, baki na hela yako. Maji yako hayana chokaa, sabuni inatoa povu bila taabu, siki ya kufulia huihitaji.