Walihamisha tovuti yangu, kurasa wakaziacha njiani

Nilipanga kuwapa nyota tatu. Kazi ya macho wameifanya vizuri: picha zinafunguka haraka hata kwa simu ya bei ndogo, fomu ya kuulizia bei inafika kwenye barua pepe yangu, rangi ni zilezile nilizoomba. Mtu akiniuliza kama ofisi ile inajua kutengeneza tovuti, nitamwambia inajua. Lakini mimi nililipia kuhamishwa, na kuhama si sawa na kujenga.

Nina ofisi ndogo hapa Moshi, tunapandisha wageni Kilimanjaro. Mwenzangu tuliyeanza naye alipojitoa, jina la kampuni ilibidi libadilike, na domeni nayo, yaani anwani ya tovuti. Ile ya zamani ilikuwa na zaidi ya miaka minane na kurasa karibu sabini. Nyingi niliziandika usiku, kaka yangu ambaye anaongoza wageni mlimani akiwa amekaa pembeni ananisahihisha. Ukurasa wa Marangu ndio uliotulisha. Marangu ndiyo njia pekee ambayo mgeni analala kwenye vibanda, basi tulieleza Mandara, Horombo na Kibo kama mtu anayemwelekeza ndugu yake: maji ya mwisho yako wapi, baridi ya Kibo ikoje, Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, unafika saa ngapi. Wajerumani wengi waliotuandikia walianza kwa kusema wameusoma. Kwenye Google tulikuwa ukurasa wa kwanza, chini ya kampuni kubwa, lakini tupo.

Nikaenda kwenye ofisi moja ya Arusha niliyosikia ikisifiwa. Nikauliza swali moja, tena mara mbili: nafasi yetu Google haitapotea? "Usiwe na wasiwasi mama, kila kitu kinahama." Nikalipa nusu, na nusu iliyobaki nikaimalizia siku tovuti mpya ilipofunguka.

Wiki ya kwanza maulizo yalipungua. Nilinyamaza, kwa sababu tovuti ikihama kuyumba kidogo ni kawaida mpaka Google izipitie kurasa upya. Baada ya mwezi hivi, ikawa siku nzima inapita bila swali hata moja, na ilikuwa mwisho wa masika, wakati ambao wageni wa Julai na Agosti wanaamua wapande na nani. Nikafungua ukurasa wa Marangu kwa anwani ya zamani, ile ambayo wageni wetu wameiweka kwenye tovuti zao. Ikanitupa ukurasa wa mwanzo. Njia ya Machame, ukurasa wa mwanzo. Njia ya Lemosho, orodha ya nguo, tipu za wapagazi, zote ukurasa wa mwanzo. Ni kama umehama, mtu akaja kukuulizia, jirani akamjibu "yuko Dar" basi, mtaa hakutaja wala nyumba. Na Google ikiona kurasa sabini zote zinaishia mlango mmoja, inazihesabu kama zimekufa. Kila ukurasa wa zamani ulitakiwa uelekezwe kwa pacha wake mpya, kwa ridairekti ya 301, yaani amri ya kudumu inayompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya.

Nikapanda Coaster hadi Arusha. Kijana niliyemkuta ni umri wa mwanangu wa pili. Hakuniamkia. Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Mama, tovuti si inafunguka? Google ina mambo yake, sisi hatuimiliki." Nikamwonyesha kwenye simu, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Akasema ukihama domeni lazima ushuke, na kama nataka ukurasa mmoja mmoja hiyo ni kazi nyingine na bei yake ni nyingine. Nikamwambia swali hili nililiuliza kabla sijalipa. Akatazama nyuma yangu akasema, "Anayefuata." Mbele ya watu.

Kuyumba kwa muda sawa, lakini hilo la lazima ushuke si kweli. Google walishasema tangu 2016 kwamba ridairekti haiupunguzii ukurasa uzito wake.

Hata hivyo, nilipofika nyumbani hasira ilipoa. Nikajiambia pengine hawajui, wengi wanaifanya kazi hii kwa kubahatisha, na asiyejua husamehewa. Nikarudi kwenye nyota tatu, au mbili na nusu. Kisha mtu mmoja wa ofisi ileile, sitasema nani, akanipigia. Orodha ya kurasa zangu zote, anwani ya zamani na mpya yake pembeni, ilishaandaliwa kabla ya kuhama. Ilikuwa kwenye kompyuta yao. Hakuna aliyeiingiza. Kwa hiyo walijua! Walijua, na bado wakataka nilipe tena.

Orodha hiyo alinitumia, Mungu ambariki. Kijana wa hapa Moshi aliiingiza kwa siku moja. Akaenda Google Search Console, pale Google inapozungumza na wenye tovuti, akatangaza mabadiliko ya anwani, jambo lililowezekana kwa sababu domeni zote mbili zilikuwa kwenye akaunti yangu, akapeleka na ramani mpya ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. Akanisisitiza nisiache kuilipia domeni ya zamani, ridairekti zibaki angalau mwaka mmoja, zikikaa zaidi ni bora. Ofisi ile haikuniambia lolote kati ya hayo. Ningeiacha domeni ile iishe muda wake, mtu mwingine akaichukua.

Nyota moja, na hiyo moja ni ya aliyenipigia simu.

Machame imerudi karibu na ilipokuwa. Wageni wa msimu ule hawakurudi. Kaka yangu kila akishuka mlimani, kabla hajavua viatu, ananiuliza Marangu imefika wapi. Jana nilimjibu ukurasa wa tatu.